Kilicholia Bwawani Masako

Mwaka ule wa mabomu, majeshi mawili ya wageni yakigombania Kisangani kana kwamba haina wenyewe, benchi la kahawa la Mangobo halikukosa watu. Siku hiyo Liévin, dereva wa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, alifika kwa miguu, anahema, tope mpaka magotini. Alfajiri alikuwa amembeba Solange, mwanafunzi aliyetaka kutembelea hifadhi ya Masako, aone msitu na bwawa lake. Sasa alipokea kikombe cha kahawa, akasahau kukinywa, akapaza sauti.

— Velo yangu imebakia kule! Kitu kililia ndani ya bwawa: mmmuuuu!

— Ile ni char ya vita, kifaru ya chuma, akasema Kataliko, mwuza sabuni kutoka Butembo, ambaye kijiwe kilimwita Bulletin kwa sababu ya redio yake. Ilizama. Basoda bangali ndani, banaomba njia.

— Char inalia mmmuuu? akauliza Papa Amuri, fundi cherehani, aliyeitwa Conseiller ingawa hakuna aliyewahi kufuata shauri lake. Ile ni kiboko. Alimeza Motorola, ile redio ya mukono ya komanda. Sasa komanda akiitwa, kiboko njo anajibu.

Liévin alisisimka. Kweli, sauti ile ilikuwa na kitu cha kijeshi.

— Alors, njo maana cessez-le-feu, ile kusimamisha vita, inachelewa! Bulletin akapiga paja. Bakubwa banaita, kiboko anajibu!

— Na anakataa masharti, akasema Conseiller kwa huzuni. Itafaa bamualike kwa négociations.

— Na velo yangu?

— Sahau, tonton, akasema Bulletin. Ile sasa ni velo ya jeshi.

Mwanahamisi, mama aliyehamia mtaani juzi kutoka Kindu, alikuwa amekuja kununua kahawa, akasimama kuwasikiliza.

— Pardon, bapapa. Na ule mwanafunzi ulimubeba asubuhi, iko wapi?

Bulletin akaanza kuchezea vifungo vya redio. Conseiller alitazama mawingu. Liévin aliweka kikombe chini, akatoka mbio bila kuaga.

Njia nzima alisali, na safari hii hakuiombea baiskeli. Alimkuta Solange nje ya mji, anakanyaga pedali polepole, sketi kaifunga kiunoni, uso umejaa tope na furaha.

— Tonton! Ulikimbilia wapi?

— Mutoto yangu, unisamehe. Ile kitu ya bwawa…

— Chura, tonton. Mukubwa, muzuri! Bon, panda nyuma, umechoka.

Wakaingia Mangobo hivyo hivyo: mwanafunzi mbele akitoka jasho, dereva nyuma, kashikilia kiti kwa mikono miwili, akimsihi apunguze mwendo.