Zenebech Abate, Aliyetaka Madirisha Yafunguliwe

Dada yetu Zenebech Abate alizaliwa Asela tarehe 9 Mei 1981, huko juu kwenye baridi. Mama alikuwa akimfunga mashuka mawili ndipo aende shule.

Alisomea kilimo chuoni Ambo. Huko yeye na mwanafunzi mwenzake, Engidaw, walifuga utitiri mwekundu, vidudu vinavyofyonza mimea, kwenye majani ya maharage, kopo moja mahali pa baridi, jingine karibu na jiko. Kwenye baridi mayai yalichukua karibu wiki tatu kuwa utitiri wa kutaga. Jikoni, wiki moja tu, na majani yote yalikuwa yamefumwa utando. Shikeni jina la Engidaw.

Mwaka 2006 aliolewa na shemeji yetu Lakew. Siku ya kutambulishwa kwa wakwe, kahawa ikiwa tayari, alikutwa bustanini kwao akigeuza majani ya sukuma na kuyatazama chini kwa lenzi. Mama mkwe akasema huyu kesho atampima hata yeye. Walipendana tangu siku hiyo.

Alisimamia afya ya maua kwenye shamba la waridi karibu na Batu. Meneja wake alikuwa Engidaw yuleyule. Januari hii, ili maua yawahi sikukuu ya wapendanao Ulaya, Engidaw alifunga madirisha ya paa la nyumba ya plastiki wanamokuzia maua, na vyuma vya kuyazungushia yafunguke akavifungia ofisini. Joto likapanda, utitiri ukazaana, akaamuru dawa ipigwe watu wakiwa ndani. Wasichana wanaochuma maua wakawa wanatapika. Dada alimfuata.

"Engi, kopo la jikoni umelisahau?"

"Sijalisahau, Zene. Waridi nalo linataka joto."

Alijua! Hilo ndilo linaloniunguza.

Juzi, tarehe 3 Februari 2024, dada alipanda ngazi ayafungue madirisha kwa mikono. Joto na dawa vikamlevya, akaanguka. Hakufika hospitali.

Jana Engidaw alikuja msibani, akala chakula chetu, kisha akanivuta pembeni akitaka niwasomee kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu. Hakuugua. Hata mafua hakuwa nayo.

Ameacha mume, watoto wawili, Bezawit na Natnael, mama yetu, na sisi wadogo zake watatu.

Shada la waridi lililoletwa na shamba, wazee wa chama cha kuzikana wamelitoa nje ya geti. Kabla halijatoka, Bezawit aligeuza jani moja kama mama yake alivyomfundisha. Chini yake kulikuwa kumejaa utando.

Engidaw, nakuona hapo nyuma. Ukiondoka, lichukue shada lako.

Mungu amlaze dada yetu mahali penye upepo.