Mzee Hemedi, Mikorosho 212 na Eksteno Isiyokaa

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Hemedi Rajabu Nantende anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi mitatu katika Kituo cha Miche Namkuku. Wanaomjua wanasema tarehe 1 Julai atakuja pia, kwa mazoea. Mlinzi ameshaagizwa ampe chai, kisha amrudishe kwake Shangani.

Alianza Machi 1992 akiwa na kamera ya filamu, baiskeli na fimbo ndefu ya kupimia. Kazi yake ilikuwa kupiga picha mikorosho ile ile 212, kila msimu, kuanzia mashamba ya njia ya Naliendele mpaka Kilambo, kando ya Ruvuma. Mti namba 47, wa Mama Luisa wa Kilambo, ameusifu kuliko alivyowahi kumsifu mtu yeyote wa masjala. Mwaka ambao ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, ulikausha maua ya kijiji kizima, huo ulizaa kama kawaida, na picha zake ndizo zilizotuonyesha wapi pa kukata vikonyo vya kubebeshea, yaani kuunganishia, miche mipya. Mama Luisa alikuwa akimtania kwamba mikorosho ya Kilambo ina picha nyingi kuliko watu wa Kilambo. Mwaka 2003 aliishika fimbo akagoma kuiachia mpaka apigwe picha yeye kwanza. Akapigwa, na kitenge chake kipya. Picha ipo.

Mwaka jana Mzee alimaliza kuskani filamu zote. Likabaki jambo moja: kuzihamishia picha zote kwenye eksteno, ile diski ya pembeni ya kuchomeka, amkabidhi Saida, mrithi wake. Kompyuta yenyewe ilikuwa imeanza kukohoa. Ikifa kabla ya kukopi, Saida angeanza na mti namba moja, na mkorosho ukiuuliza historia yake haujibu.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mzee anakopi, anatoka kidogo, akirudi kioo ni cheusi na taa ya eksteno imezimika. Akiiamsha kompyuta, inamlaumu kwamba ameichomoa diski vibaya. Mtu hajaigusa! Aliukasirikia ujumbe ule kama kasingiziwa wizi. Alibadilisha waya mara tatu. Alimpiga marufuku Joshua, mfanya usafi wetu, kupita na fagio karibu na meza. Aliipeleka eksteno kwa fundi wa Magomeni, fundi akasema ni nzima kabisa. Siku moja folda ya mti namba 47 ikagoma kufunguka kwenye eksteno, na tulimwona Mzee ameiacha chai yake ikapoa. Tuliogopa.

Ikabidi iundwe zamu. Tuligundua kipanya kikitikiswa mara kwa mara kompyuta haisinzii, kwa hiyo kila aliyepita alikitikisa. Mzee akienda kuswali adhuhuri, nilikaa mimi. Gladness wa manunuzi alitikisa kwa mkono mmoja, simu mkono wa pili. Tulifika mti wa 190, tukaitwa kula keki ya siku ya kuzaliwa ya huyo huyo Gladness, tukaenda wote. Tuliporudi, kioo cheusi.

Mwezi Mei Saida, aliyekuwa akitutazama kwa adabu muda wote huo, aliomba ruhusa afungue setingi. Kompyuta ilikuwa imepangiwa ilale kila ikikaa dakika kumi bila kuguswa, na ikilala inakata umeme wa kila kilichochomekwa. Nani aliyeipangia? Juu ya meza ile ile, ukutani, kuna cheti cha Mwenyekiti Bora wa Kamati ya Kubana Umeme, enzi zile umeme ulipokuwa wa mashaka. Aliyezunguka ofisi nzima akiziwekea kompyuta dakika kumi ni Mzee Hemedi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wengine wangekificha cheti. Yeye alikishusha, akaenda nacho kikao cha asubuhi, akasimulia mwenyewe kosa lake na kumwomba Joshua radhi mbele ya watu. Nimekaa naye ofisini miaka kumi na tisa, na siku ile ndiyo niliyompenda zaidi.

Setingi ilibadilishwa, picha zikakopiwa kwa mkupuo mmoja. Mikorosho 212 yote imo, na Mama Luisa na kitenge chake yumo. Saida ameshasaini kuipokea eksteno.

Wiki iliyopita Mzee alianza likizo yake ya mwisho. Jumatatu nilipita kwenye meza yake na faili mkononi, nikajikuta nakitikisa kipanya. Kompyuta ilikuwa macho. Nikaangalia kile kiti kitupu, nikaondoka haraka kabla Gladness hajaniona nikifuta macho.

Mzee wetu, ahsante kwa kila mti. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na maisha mema wewe na nyumba yako. Ukija tarehe 1 Julai, chai ipo.

Doris, Masjala