Babu Bisibisi na Nguzo Mbili za Ng'ambo

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na minne katika kitengo cha kutibu mbao, Babu Bisibisi anavua aproni na kuitundika kwa mara ya mwisho. Jina lake halisi wengi wetu hatulijui. Hili la Bisibisi alilipata kwa tabia ya kuchoma kwa ncha ya bisibisi kila mti anaokutana nao, uwe nguzo, benchi au kizingiti, ajue kama ndani ni mzima. Mkewe anasema siku alipokwenda kuposa, kabla hajapewa kiti, alikuwa ameshachoma nguzo ya baraza ya wakwe. Posa ilikubaliwa. Nguzo ilibadilishwa.

Alianza kama kibarua wa kupaka vanishi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mabenchi ya bustani ya hospitali, na aliyapaka yangali na maji ya mvua. Siku ya kukabidhi yaling'aa hata watu wakaona haya kuyakalia. Msimu uliofuata vanishi ilibanduka kama ngozi ya mjusi, na chini yake mbao zimeoza, maana maji yalifungiwa ndani yakakosa pa kutokea. Kila mgeni wa karakana amesimuliwa kisa hiki na mwenyewe, kabla hata ya chai. "Mbao ikauke kwanza ndipo ivae," humalizia. "Hata wewe huvai shati ukiwa umelowa."

Wazee walichoma ncha za nguzo mpaka zikapata ganda la mkaa, au walizipaka lami. Siku hizi tuna tangi la shinikizo linalosukuma dawa ya shaba, ya kijani, mpaka ndani ya mti. Babu hakudharau upande wowote. Nyuma ya karakana alichimbia kijiti kimoja kwa kila aina ya tiba, akawaachia mchwa waamue, kwa kuwa mchwa, alisema, hawahongeki. Walimfunza kwamba mkaa peke yake huchelewesha tu, kwamba oili chafu ya gari hunuka kuliko inavyosaidia, na kwamba kijiti kilichoshiba dawa ya tangi wao hukipita pembeni kama nyumba yenye mbwa mkali. Tangu hapo ikawa desturi yetu: dawa ya tangi kwa mti unaoingia ardhini, na mafuta ya kitani kila kiangazi kwa mbao zinazoshikwa na kukaliwa.

Mwaka jana wasimamizi wa bustani ya mji walitaka daraja la miguu livunjwe, liwekwe la chuma, kwa sababu lilikuwa limeanza kutikisika. Daraja lile Babu alilijenga na marehemu mume wangu, aliyekuwa seremala hapa, na katika kazi za mikono yake ndilo pekee lililobaki mjini. Sikumlalamikia mtu. Nadhani Babu aliniona tu dirishani pa stoo, nikimpa mtu misumari ilhali ameomba skrubu. Akaenda kuomba apewe asubuhi moja ya kulikagua daraja kabla nyundo hazijaanza.

Nilimpelekea sururu na koleo, nikabaki kutazama. Nguzo zote zilikataa bisibisi, isipokuwa mbili za ng'ambo. Hizo zilipofukuliwa, nyayo zake zilikuwa laini kama mkate uliolowa. Zilikuwa zimekatwa baada ya kutibiwa, na jeraha halikupakwa dawa. Kwa Babu hilo ni kosa kubwa kuliko yote, kwani dawa ya tangi huingia ndani lakini haifiki kwenye kiini, na msumeno hukiacha wazi. Msimamizi wa bustani akauliza ni nani aliyezikata. Mimi nilijua ng'ambo ile alifanya kazi nani. Nikaangalia maji.

Babu hakuficha. Alieleza kwamba mashimo yale yaligonga mwamba, marehemu akazikata nguzo zienee. Ameshika brashi, ameshaichovya kwenye dawa, akaja mtu mbio: mkeo amepelekwa leba. Brashi ikabaki juu ya jiwe. Waliobaki wakazisimamisha nguzo, na Babu, aliyekuwa upande huu, aliambiwa yote tayari naye akaitikia. Kisha akanigeukia. "Shemeji, daraja limepata nguzo mbili mbovu, wewe umepata binti. Sasa nani kala hasara?"

Hata msimamizi alicheka. Mimi nilikumbuka kwamba siku ile mume wangu alifika hospitali na vidole vya kijani, nesi akakataa kumpa mtoto mpaka anawe. Miaka yote sikuwahi kujua kijani kile kilitoka wapi.

Nguzo mbili zilibadilishwa, nyayo zake zikapakwa dawa mara mbili mbele ya macho ya Babu. Daraja halikuvunjwa. Limesimama, halitikisiki, na wasimamizi wametuagiza mabenchi mapya.

Babu, asante kwa hayo, na kwa kila mti ambao wewe ulituzuia kuuharakisha. Sheria inasema bisibisi ni mali ya stoo na mstaafu huirudisha. Mimi ndiye mtunza stoo. Nimeitafuta, sikuiona, na sitaitafuta tena.

Sote wa karakana tunakuombea siku njema, zenye jua la kutosha. Binti yangu hupita darajani kila asubuhi akienda chuoni. Akikukuta umeinama unachoma nguzo, atakuamkia, nawe umwambie kama bado ni nzima.