Kovu Ndani ya Plasta

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mrefu juu ya matofali, mkabala na geti la shule, kati ya sanduku la Fundi Viatu na birika la Mama Kahawa. Siku hiyo Fundi hakuwa ameshika kiatu tangu asubuhi. Alipakata kinyago alichokuja nacho mjukuu wake jana, uso mweupe wa plasta, mdomo wazi, kama waigizaji wa Ugiriki ya kale walivyovaa jukwaani. Darasa zima lilikuwa linajifunza habari za Wagiriki kwa kutengeneza vitu vyao. Fundi alikigeuza, akapitisha kidole kwa ndani, penye unyusi wa kushoto.

— Hili kovu nalijua. Nililitia mimi.

Habari hiyo kijiwe kizima kiliijua. Mwanawe alipokuwa mdogo aliokota kisu cha kukatia ngozi, Fundi akamnyang'anya kwa hasira, kisu kikapita usoni. Kijana alikua, akaoa, akafariki wakati mtoto wake bado ananyonya. Mama wa mtoto akaolewa mbali, mtoto akabaki kwa babu yake. Picha haikubaki hata moja. Na Fundi hakuwahi kumwomba mwanawe msamaha. Kila mwaka alisema mwakani, mpaka akamzika.

Breki, dereva mstaafu asiyekubali jambo upesi, alisema plasta ikikauka hupasuka, basi.

— Ufa unaingia ndani, Breki. Huu mstari umetuna.

Profesa, kinyozi asomaye kila gazeti hata la kufungia sabuni, alidai Wagiriki walijua kuita sura kwa udongo, na mtoto amefundishwa siri hiyo bila mwalimu kujijua. Breki akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema labda damu ina kumbukumbu, mkono wa mtoto ukauchora uso wa baba wenyewe. Profesa akaongeza kwamba huo mdomo wazi haukuachwa wazi bure, kuna neno linataka kutoka. Fundi akakiweka kinyago chini taratibu. Alikuwa anaogopa, na hakuona haya kuogopa.

Hapo akafika mwalimu wa sanaa, mgeni mtaani, na ndala iliyokatika mkanda. Alipokiona kinyago akafurahi. Akasema hicho ndicho kilichotoka vizuri kuliko vyote, wanafunzi wengine waliwafunika wadogo zao nyumbani, nao wakajitingisha.

— Waliwafunika vipi? Fundi akauliza. Si wanafinyanga kwa mikono?

— Hapana, baba. Unalowesha bandeji ya plasta, unamlaza mtu chali, unaipanga usoni mwake mpaka ikauke. Tazama, mmesahau kumpaka mafuta, nywele za nyusi zimeng'ang'ania humu. Alitulia robo saa nzima. Ni nani huyo, nimshukuru?

Breki akatazama viatu vyake. Nyumbani kwa Fundi walikuwa wawili tu, yeye na mjukuu, na nyusi za Fundi zilikuwa nyeupe zote. Zilizonasa kwenye plasta zilikuwa nyeusi.

Mama Kahawa akauliza kwa sauti ndogo:

— Na kile kikombe cha kahawa anachokuja kuchukua mjukuu wako kila siku akitoka shule, si chako?

— Mimi nyumbani sinywi kahawa.

Kengele ikalia. Mtoto akavuka barabara, begi mgongoni, kikombe cha bati mkononi. Akawaamkia wote. Mama Kahawa akaliinamisha birika mpaka mwisho. Akakijaza kikombe. Kahawa ikaishia hapo.

Mtoto akaona kinyago chini, akakiokota, akakipangusa vumbi.

— Babu, usikae nacho hivyo. Anasema kile kisu hakikumuuma sana.

Kijiweni hapo hakuna aliyewahi kumwambia mtoto habari ya kisu. Fundi akafunga sanduku lake, akamshika mkono mjukuu, wakaenda polepole kahawa isimwagike.