Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Akina mama wa Kangari, asanteni kwa chai, na kwa kunipa kiti cha mbele ambacho mtu wa jikoni kama mimi hajakizoea. Mwenyekiti wenu ameniambia mnanunua gari la kikundi, na mmemchagua mmoja wenu ajifunze kuliendesha, na tangu achaguliwe chakula hakimshuki. Simwangalii. Lakini maneno haya ni yake kwanza. Nyinyi wengine mnasikiliza tu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine husema hivyo kwa unyenyekevu. Mimi nasema kwa sababu ni kweli. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikaolewa, na safari yangu ndefu ikawa Karatina siku ya soko, kisha kurudi mbio kabla ya saa ya kukamua. Kikundi chetu kiliponunua pikapu kuukuu ya kupeleka karoti na kabichi sokoni, nilipiga makofi kama wengine, nikidhani kazi yangu imeishia hapo.

Tulimwajiri dereva, mzee mmoja mpole. Haukupita mwaka akatuambia amepata kazi Nanyuki, ataondoka karoti zikishavunwa. Wanaume wetu wakakaa, wakaamua bila kuulizwa, ati gari la akina mama lisilo na dereva liuzwe. Mwenyekiti wetu akasimama akasema haliuzwi, mmoja wetu atapata leseni kabla mzee hajaondoka. Kisha wote wakageuka kuniangalia mimi. Ati kwa sababu nimesoma, nitaweza kusoma mabango ya barabarani. Ndugu zangu, nawaambia, kwetu kulikuwa na bango moja, na ng'ombe alikuwa ameliangusha.

Nikaenda mjini kuomba leseni ya kujifunzia. Mnakumbuka siku hizo kipande, kile kitambulisho cha serikali, kilikuwa cha wanaume; sisi tulikuwa bado hatujapewa. Fomu nayo ilikuwa na nafasi ya nambari ya kipande. Karani akaniambia nikilete. Nikamwambia siwezi kuleta kitu ambacho serikali haijanipa. Akaenda chai. Aliporudi akasema basi nilete cha mume wangu. Naye hulala kazini, hurudi Jumamosi. Nikangoja Jumamosi, nikakileta Jumatatu. Karani mwingine akakigeuzageuza akaniuliza, kwani anayetaka kuendesha ni nani? Nikarudishwa mara tatu. Mwishowe nafasi ile ikaachwa tupu, jambo ambalo nilikuwa nimewaambia siku ya kwanza.

Kujifunza nilijifunza kwa yule mzee, kwenye miteremko ya kwetu. Sasa sikilizeni, hapa ndipo nilipojikwaa. Breki ya mkono ya pikapu ilikufa kabla hatujainunua, na hakuna aliyeona shida. Kwetu kila gari lina jiwe lake. Ukisimama mlimani, mtu anaruka kutoka nyuma, anaweka jiwe chini ya gurudumu, wewe unatafuta gia kwa raha zako. Ukiondoka, analiokota na kukimbia nalo mpaka gari lifike tambarare. Wanakikundi walikuwa wakipokezana zamu ya jiwe. Mimi nilidhani hiyo ndiyo sheria. Nilidhani imeandikwa mahali.

Siku ya mtihani tulikodi gari la shule ya udereva. Kwanza ukaja ule ubao wa kuulizwa sheria za barabara, wenye mji mdogo na vigari vya kuchezea. Huo niliufaulu, kwa maana nilikuwa nimefanya mazoezi juu ya meza ya jikoni, viazi vikiwa magari na kifuniko cha sufuria kikiwa raundabauti. Nikapanda gari nikiwa na kiburi kidogo. Kwenye mlima wa kuelekea Skuta, mtahini akaniambia nisimame, halafu niondoke bila kurudi nyuma hata kidogo. Nikasimama vizuri kabisa. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Nikamwangalia, naye akaniangalia. Magari yakaanza kujipanga nyuma yetu.

"Mama, tunangoja nini?"

"Afande, nangoja ushuke uweke jiwe."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Aliuliza ile fimbo iliyo katikati ya viti nilidhani ni ya nini. Nikamwambia ya kwetu huwa tunaning'iniza mkoba.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Wanaume wakaacha kunisalimia kwa mkono, nikipita, mmoja anaokota jiwe, anauliza kwa adabu sana, "Mama, nikuwekee?" Nikajifungia jikoni. Wiki mbili sikuonekana sokoni wala kanisani. Nikajiambia mimi ni mtu wa moto na sufuria, gari na liuzwe.

Ndipo mwenyekiti wetu akaja. Hakunipa pole. Alikaa, akala githeri yangu yote, kisha akatoa kwenye kikapu waya mpya wa breki, uliofungwa kwa gazeti kama nyama.

"Ni sisi tuliokuwa tunakimbia nyuma yako na jiwe," akasema. "Hukuanguka peke yako. Tuliangusha gari zima. Haya, inuka, fundi anangoja nje."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nikalia kidogo, nikalaumu moshi, nikainuka.

Tukarudi mlimani kila jioni. Wale wa zamu ya jiwe walikaa nyuma, wamelipakata, wamekatazwa kushuka. Mara ya kwanza gari liliporudi nyuma waliomba kwa sauti. Mara ya kumi walikuwa wanasimuliana habari za harusi. Niliporudi kwenye mtihani, yule mtahini aliniuliza kama nimekuja na jiwe langu au achukue la hapo. Nikavuta breki ya mkono, nikaiachia, nikapanda mlima kama moshi. Siku nne baadaye mzee akaenda Nanyuki, na gari halikuuzwa.

Mnadhani nimemaliza? Hata mimi nilidhani. Kile kitabu chekundu cha leseni nilikifunga kwa nailoni, nikakiweka ndani ya sanduku pamoja na kadi yangu ya ubatizo. Kwa akili yangu ya kidato cha nne, vilikuwa kitu kimoja: ukishapewa umepewa. Mwaka na zaidi ukapita, siku moja polisi akanisimamisha nikitoka Karatina, akaniomba leseni. Nikamwambia iko salama sana, nyumbani. Akaniambia niilete kesho yake. Nikaifungua kwa mara ya kwanza tangu nipewe, nikasoma. Ilikuwa imekwisha muda wake wiki tatu nyuma. Aliyechaguliwa kwa sababu anajua kusoma hakuwa amesoma kijitabu chake mwenyewe.

Gari likalala, karoti zikalala, na mawe yakaanza kuokotwa tena barabarani. Lakini safari hii sikuingia jikoni. Nilipeleka kitabu kwa polisi, nikasemwa nikanyamaza, nikaenda kupanga foleni. Dirishani alikuwa karani yuleyule wa kwanza.

"Mama, kipande?"

Nikamfungulia nakala yangu ya fomu ya zamani, nikamwonyesha ile nafasi tupu. Akaenda chai. Nikaingoja chai yake yote, na mandazi yake, na jioni nikatoka na leseni iliyo hai.

Namshukuru yule mzee aliyenifundisha. Nawashukuru waliokimbia na jiwe, na zaidi siku walipokubali kukaa nalo. Karani nitamshukuru nikirudi kwake tena, nimeshaweka alama kwenye kalenda ya jikoni. Na wewe uliyechaguliwa, kwanza tengenezeni breki, halafu usome kitabu mpaka ukurasa wa mwisho, na ukianguka, usiwafungie mlango hawa.

Pikapu yetu iko hapo nje, kwenye mteremko wenu. Breki nimevuta. Jiwe mtakaloliona chini ya gurudumu ni la mwenyekiti wangu, ambaye hata leo hajauamini ule waya. Dada, leseni ya kujifunzia najua unayo, nimekuona ukiipapasa kwenye mkoba tangu nianze kusema. Kibao cha L nimeshakifunga. Nenda ukalitoe hilo jiwe, kisha uingie upande wa usukani. Sisi wengine tunakaa nyuma, na hakuna anayeshuka.