Soketi Isiyo na Kwao

Wenzangu wa kahawa walinikuta nimeingiza kichwa chini ya dashibodi ya gari la shemeji yangu, miguu inaning'inia nje, suruali imepasuka pale pasiposemwa. Mkononi nina soketi ya waya sita niliyoichomoa kwa kupapasa, na sijui tena ilikotoka. Taa ya fo-wili, ile ya magurudumu yote manne kuvuta, ilikuwa inakonyeza tangu jana, na shemeji, ambaye ni muuguzi, lazima apandishe chanjo kwenye kile kilima cha matope kabla barafu ya kwenye boksi haijayeyuka. Nami, kwa mdomo wangu huu, nilimwambia, "Niachie mimi." Nikajitoa kinyumenyume, nikakaa kwenye benchi letu la kahawa kufunika ule mpasuko.

— Injinia, mbona umetoka na utumbo wa gari? akauliza Klachi, dereva wa malori mstaafu.

— Nilikuwa naisafisha tu.

— Hiyo ni ya kontroli boksi, akasema Redio, ambaye kazi yake ni kufufua redio. Ndicho kisanduku kinachoamuru magurudumu ya mbele yasaidie ya nyuma.

— Sasa nairudisha wapi?

— Popote itakapoingia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tukaisukumiza kwenye tundu moja. Waipa zikaanza kufuta kioo kikavu. Nikaichomoa tena, nikarudi nayo kwenye benchi.

— Umeme umepotea njia, akasema Klachi. Magurudumu yanajiona waipa.

— Siyo. Gari limesusa. Ukilichomoa waya bila kuliaga, linanuna. Liacheni lipoe, akasema Redio, akajiongezea kahawa.

— Mimi kwenye lori nilizing'oa zote, nikazifunga pamoja kwa raba. Umoja ni nguvu.

— Kwani lori lako lilikuwa na fo-wili?

— Lilikuwa na matairi kumi. Piga hesabu mwenyewe.

Shemeji akatokea amekumbatia boksi la chanjo, kona moja inadondosha maji.

— Shemeji, tayari?

— Tunamalizia. Hii ni ya kisanduku cha fo-wili.

Akaitazama soketi, akatutazama sisi.

— Na hicho kisanduku chenyewe kiko wapi?

Klachi akaangalia barabara. Redio akachungulia ndani ya kikombe kana kwamba kimo humo.

— Si uliichomoa wewe?

— Nilikuwa napapasa, shemeji.

Akaniwekea boksi mapajani. Lilikuwa zito, na baridi yake ilikuwa inaisha.

— Simama. Tunapanda kwa miguu, na wewe ndiye unayebeba.