Bi. Urushibara na Betri Ndogo Iliyoondolewa

Tarehe 31 Machi, Bi. Urushibara Kinue anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na minane. Aliingia tawi hili la Ueda akiwa binti aliyetoka chuo cha ufundi, akapanda hadi kuwa mhandisi wa umeme anayetegemewa na idara nzima, na anaondoka akiwa fundi wa chumba cha matengenezo, ghorofa ya chini kabisa, pasipo na dirisha. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike mambo mepesi. Nitaanza nayo.

Wafanyakazi wapya hawaijui Tsubame. Ilikuwa kompyuta ya mkononi, ya kutia mfukoni, yenye kibodi chini ya kioo na mfumo wa Linux ndani yake, enzi ambazo simu ilikuwa ya kupigia tu. Bi. Urushibara alikabidhiwa mambo mawili: betri idumu siku nzima ya kazi, na kile mtu alichokihifadhi kisipotee.

La kwanza lilimtoa jasho. Hata kioo kikizimwa, mashine ilikuwa ikijiamsha ovyo kama mtoto mwenye homa, na betri ikawa hoi kabla ya chakula cha mchana. Aliijaribu kila mahali, mpaka ndani ya friza ya kantini, kwa kuwa wateja wa Hokkaido, kule kaskazini, nao wana baridi yao. Mpishi wetu, Bwana Negishi, aliikuta katikati ya samaki akapiga kelele: "Mama, na hii niikaange au niichome?"

"Ichemshe," akamjibu. "Labda italala."

Mwishowe aligundua kipande cha programu kilichokuwa kikiuliza saa bila sababu yoyote, akakinyamazisha. Tsubame ikalala. Siku hiyo alitununulia sote maandazi ya mboga, tukala tumesimama, tukicheka.

La pili lilihitaji akili zaidi. Kumbukumbu ya kudumu ilikuwa ghali, kwa hiyo faili za mtumiaji zilikaa kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayosahau kila kitu umeme ukikatika. Akaongeza betri ya akiba, ndogo kama kifungo cha koti. Betri kubwa ikiisha, hiyo ndogo ilizishikilia faili hadi mwenyewe apate pa kuchaji.

Muda mfupi kabla ya uzalishaji kuanza, mkuu wa idara, Bwana Sakazaki, aliamua Tsubame iwe nyembamba kuliko ya washindani. Betri ya akiba ikatolewa.

"Mkuu, watu watapoteza vitu vyao," Bi. Urushibara alimwambia kikaoni.

"Watajifunza kuchaji."

"Na asiye na pa kuchajia?"

"Urushibara, dukani mteja anaona wembamba. Hiyo betri yako nani anaiona?"

Alikataa kuutia mchoro muhuri wake wa kuuidhinisha. Ukatiwa muhuri wa mtu mwingine, na Tsubame ikaenda sokoni, ikasifiwa sana kwa wembamba wake.

Kisha tukapata habari za Mwalimu Nobori, mstaafu wa kisiwa kidogo kusini mwa Kagoshima. Kiangazi kizima alikuwa amekaa na Bibi Nabe, mtu wa mwisho kijijini aliyekuwa bado akiongea lugha ya wazee wao sawasawa, akimrekodi kwa Tsubame: majina ya mimea, matani, nyimbo za kubembelezea watoto. Bibi Nabe alifariki. Baada ya maziko ikaja tufani, na umeme wa kisiwa ukakatika. Uliporudi, Mwalimu aliichaji mashine, nayo ikaamka safi kama ilivyotoka kiwandani. Ikamtaka achague lugha.

Kampuni ilimtuma Bi. Urushibara akaombe radhi.

"Wewe ndiye unayeielewa," Bwana Sakazaki alimwambia. "Nenda ukainamishe kichwa. Na yale ya kikaoni uyaache hukuhuku."

Akapanda ndege, akapanda meli, mkononi sanduku la vitamutamu lililofungwa vizuri. Alipiga magoti mbele ya Mwalimu, akagusisha paji la uso kwenye mkeka.

"Mama," Mwalimu akamwuliza, "kwani hamkujua kwamba inaweza kutokea?"

Jibu alilokuwa amepewa na kampuni lilikuwa refu. Yeye akasema, "Tulijua."

Mwalimu akainuka. "Basi, bora ungeniambia hamkujua," akasema, akausukuma mlango wa karatasi, akaingia chumba cha ndani. Vitamutamu vikabaki sakafuni.

Lile neno lake moja, "Tulijua," lilifika Ueda kabla yake. Akahamishiwa ghorofa ya chini. Bwana Sakazaki akaingia kwenye bodi, na ndiye mkurugenzi wetu leo.

Naomba yafuatayo yahesabiwe miongoni mwa mafanikio ya Bi. Urushibara, maana kampuni haijawahi kuyahesabu. Kila Tsubame iliyoletwa kutengenezwa, hata kama tatizo lilikuwa kioo tu, ilirudi kwa mwenyewe ikiwa na betri ya akiba, imebanwa palipopatikana nafasi, mgongo umevimba kidogo. Hakuna aliyemwagiza. Alifanya hivyo mpaka mashine hizo zilipoacha kuja.

Majuzi uongozi ulimwomba abaki kwa mkataba. Kuna kifaa kipya kinachomaliza betri haraka, na vijana wamekwama. Alimsikiliza mjumbe hadi mwisho, akamshukuru, akasema hapana.

Siku ya sherehe, Mkurugenzi Sakazaki atamkabidhi maua. Bi. Urushibara ameniambia atayapokea kwa mkono mmoja, si kwa miwili ya heshima.

Dada, tunakushukuru kwa yote, na hasa kwa lile neno moja. Tunakuombea afya, usingizi mnono na miaka mingi ya raha, na simu ya kampuni hii isilie kwako tena.

Ebisawa, Idara ya Umeme